Kanali aliyeomba kuwa kuruta wa jeshi la anga

NI jambo la kawaida kusikia askari akihangaika ili apandishwe cheo. T. E. Lawrence, Mwingereza aliyevuma kwa jina la Lawrence wa Uarabuni, alihangaika kinyume chake. Alikuwa amefikia cheo cha kanali katika jeshi la nchi kavu, akaomba kuwa askari wa daraja la chini kabisa katika jeshi la anga.

Lawrence alizaliwa Tremadog, Wales, Agosti 16, 1888. Sifa zake zilitokana na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, alipopigana pamoja na Waarabu walioasi utawala wa Waturuki, wakaiteka Aqaba Julai 1917 na kuingia Damascus Oktoba 1918. Waarabu hao waliamini kuwa wanapigania uhuru wao, kumbe Uingereza na Ufaransa zilikwishapanga kugawana nchi zao. Lawrence aliujua mpango huo kabla vita havijaisha, na aibu ya kuwa sehemu ya udanganyifu huo haikumtoka.

Agosti 1922, akiwa na umri wa miaka 34, alijiandikisha katika Jeshi la Anga la Kifalme kwa jina la bandia, John Hume Ross. Jeshi hilo lilikuwa changa, kwani liliundwa Aprili 1918, na yeye aliamini kuwa kuitawala anga ndiyo kazi kubwa ya kizazi chake. Lakini siri haikudumu. Mwishoni mwa Desemba gazeti moja la London lilimfichua, na Januari 1923 akaachishwa kazi.

Miezi miwili baadaye aliingia Kikosi cha Vifaru kwa jina jingine, T. E. Shaw, akapelekwa kambi ya Bovington, kusini mwa Uingereza. Huko alifanya kazi ya bohari. Hakuwapenda vifaru wala maisha ya bwenini, na aliwaona wenzake wengi kuwa watu waliosukumwa jeshini na ukosefu wa riziki. Aliomba kurudishwa jeshi la anga, akakataliwa. Kufikia Juni 1925 aliwaandikia rafiki zake barua zilizodokeza kuwa angejiua.

Rafiki hao hawakuwa watu wadogo. Mwandishi George Bernard Shaw na mwenzake John Buchan walimwendea Waziri Mkuu, Stanley Baldwin, na Agosti 1925 uhamisho ukafanyika. Ni wazi kwamba kuruta asiye na jina asingefunguliwa mlango huo. Lawrence aliyekimbia umaarufu wake ndiye aliyeokolewa nao.

Alipelekwa India, kisha akarudishwa haraka mwanzoni mwa 1929 baada ya magazeti kudai kuwa alikuwa akichochea uasi Afghanistan, ilhali alikuwa karani tu katika kituo cha mpakani.

Februari 1931, karibu na Plymouth, ndege ya majini ilianguka mbele ya macho yake na watu tisa wakafa. Tangu hapo alipigania boti za uokoaji ziendazo kasi, akashiriki kuziunda na kuzijaribu, kazi ambayo huenda ndiyo iliyompa furaha kuliko zote. Boti za aina hiyo ziliokoa marubani wengi katika vita vilivyofuata.

Alistaafu Februari 1935. Mei 13 mwaka huo, akiwa kwenye pikipiki karibu na nyumba yake, aliwakwepa wavulana wawili waliokuwa kwenye baiskeli, akaanguka na kuumia kichwa. Alifariki siku sita baadaye katika hospitali ya kambi ya Bovington, kambi ileile ya vifaru aliyofanya kila njia aiache. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, alianza kuchunguza majeraha ya kichwa ya waendesha pikipiki, na utafiti wake ulichangia jeshi la Uingereza kuwalazimisha waendesha pikipiki wake kuvaa helmeti mwaka 1941.