Hamerton, balozi aliyezuia nusu ya biashara ya utumwa

ANAYETOKA Forodhani kuelekea Shangani hupita karibu na jumba la kale la ufukweni ambalo kuanzia mwaka 1841 hadi 1874 lilikuwa ubalozi mdogo wa Uingereza. Balozi wa kwanza alikuwa Atkins Hamerton, mzaliwa wa Ireland na ofisa wa jeshi.

Hamerton alijiunga na jeshi la Bombay akiwa kijana, akatumikia kikosi cha askari wa miguu cha Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki. Mwanzoni mwa mwaka 1840 alifika Buraimi, kwenye mpaka wa Oman, kisha akapangiwa Muscat.

Lakini Seyyid Said bin Sultan alikwishahamishia makao yake Unguja, na Marekani ilikuwa na balozi wake visiwani tangu mwaka 1837. Uingereza haikutaka kuachwa nyuma, hivyo Hamerton, wakati huo akiwa na cheo cha kapteni, aliwasili Unguja Mei 1841.

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya mvutano. Hamerton alishikilia kuwa Wahindi waliofanya biashara visiwani walikuwa chini ya hifadhi ya Uingereza. Jambo hilo lilimgusa Sultani moja kwa moja, kwa kuwa ushuru wake wa forodha ulikusanywa na tajiri wa Kihindi, Jairam Shivji.

Baadaye wawili hao walizoeana, na Hamerton akawa miongoni mwa watu waliosikilizwa sana na Seyyid Said. Ukaribu huo ulijaribiwa na suala la utumwa.

London ilitaka usafirishaji wa watumwa kwenda Arabuni ukomeshwe. Mwaka 1842 Sultani alimtuma Ali bin Nasir kwenda Uingereza kuomba masharti yalegezwe, bila kufanikiwa. Oktoba 2, 1845, alitia saini mkataba uliokuja kujulikana kwa jina la Hamerton, ulioanza kutumika Januari 1, 1847.

Mkataba ulipiga marufuku kusafirisha watumwa nje ya himaya ya Sultani barani Afrika, na manowari za Uingereza zikapewa ruhusa ya kukamata majahazi yaliyokiuka. Hata hivyo, uliruhusu watumwa kusafirishwa kati ya Kilwa na Lamu, visiwa vikiwemo.

Kwa aliyetekwa bara, sharti hilo halikumletea nafuu. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yaliendelea kuhitaji mikono yake, na soko la watumwa la mjini likabaki wazi kisheria.

Seyyid Said alifariki dunia baharini Oktoba 1856, na mwanawe, Majid, akarithi Zanzibar. Desemba mwaka huo Hamerton, ambaye afya yake ilikwishadhoofika, aliwapokea wapelelezi Richard Burton na John Speke.

Juni 1857 aliwasindikiza hadi pwani ya bara katika manowari ya Sultani, Artemise. Walipoingia bara kutafuta maziwa makuu, yeye hakufika tena nyumbani kwake Shangani. Alifariki dunia melini Julai 5, 1857, akiwa na cheo cha luteni kanali.

Hamerton alitumikia Zanzibar miaka 16. Ilipita miaka mingine 16 tangu kifo chake ndipo Seyyid Barghash, Juni 1873, alipotia saini mkataba uliofunga soko la watumwa na kuziba mwanya ulioachwa mwaka 1845.