Maisha ya Josephine Baker, Mama wa Watoto Kumi na Wawili

Muhula huu mwalimu wetu wa historia alitutaka kila mmoja aandike habari za maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufa zamani. Wenzangu walichagua wafalme, majemadari na wavumbuzi. Nilipotaja jina la Josephine Baker darasa zima lilicheka, kwani wale wachache waliopata kumsikia walijua jambo moja tu, nalo ni kwamba mwaka 1926 alicheza dansi mjini Paris akiwa amejifunga sketi ya ndizi. Ni kweli, alicheza hivyo, na sketi ile ndiyo iliyomtangaza ulimwenguni. Lakini mimi sikumchagua kwa ajili ya ndizi. Nilimchagua kwa ajili ya watoto aliowaleta nyumbani kwake kutoka nchi za mbali, na kwa sababu mimi mwenyewe ni mtoto niliyepokewa.

Wazazi wangu walipofariki shangazi alinichukua. Nakumbuka vizuri siku ile: majirani walijaa uani, pilau ilipikwa, na kila mtu alinishika kichwa akaniita mwanawe. Nakumbuka na siku ya pili yake, uani pakiwa patupu, nami sijui nikae wapi wala kikombe changu ni kipi. Basi niliposoma habari za mama huyu nilikuwa na swali moja moyoni: karamu ilipokwisha, alifanya nini?

Josephine alizaliwa tarehe 3 Juni, mwaka 1906, katika mji wa St. Louis, Marekani. Mama yake, Carrie McDonald, alikuwa akifua nguo za watu ili apate riziki. Alipokuwa na umri wa miaka minane tu alipelekwa kufanya kazi katika nyumba za watu weupe, na bibi mmoja aliyemtumikisha alimwunguza mikono kwa maji ya moto kwa kosa la kutia sabuni nyingi katika nguo. Mwaka 1917, alipokuwa na miaka kumi na mmoja, watu weusi wengi waliuawa na nyumba zao kuchomwa moto katika mji wa East St. Louis, ng'ambo ya mto Mississippi. Josephine aliwaona waliookoka wakivuka daraja kwa mamia, wamebeba walichoweza kubeba. Jambo hilo hakulisahau maisha yake yote, na nadhani asiyelijua hataelewa kwa nini baadaye alitaka kukusanya watoto wa kila rangi chini ya paa moja.

Aliozwa akiwa na miaka kumi na mitatu, ndoa ikavunjika upesi. Akaolewa tena, naye mume huyo wa pili ndiye aliyemwachia jina la Baker. Akajiunga na wachezaji wa michezo ya kuimba, akafika New York, na mwaka 1925 akapanda meli kwenda Ufaransa pamoja na kundi la wanamuziki weusi. Tarehe 2 Oktoba mwaka huo alionekana kwa mara ya kwanza katika jukwaa la Paris, na kwa muda mfupi tu akawa miongoni mwa wanawake waliojulikana sana Ulaya. Huko aliweza kula katika hoteli yoyote na kulala katika hoteli yoyote, jambo ambalo katika nchi yake mwenyewe halikuwezekana. Mwaka 1937 akawa raia wa Ufaransa.

Vita vilipokuja hakukimbia. Alifanya kazi ya upelelezi kwa ajili ya Ufaransa huru, akipitisha habari za siri zilizoandikwa kwa wino usioonekana juu ya karatasi za nyimbo zake. Maaskari wa mipakani walimtazama mwimbaji, hawakuzitazama karatasi. Kwa kazi hiyo alipewa nishani za vita, na baadaye nishani ya Légion d'honneur. Mimi ningeweza kujaza kurasa nzima kwa mambo ya vita, lakini nitataja moja tu. Mwaka 1941, akiwa Casablanca, Moroko, aliugua sana. Alilala hospitalini zaidi ya mwaka mzima, akapasuliwa mara nyingi, na alipotoka alikuwa hai lakini hana tena uwezo wa kuzaa.

Sasa nafika penye nyumba. Katika bonde la mto Dordogne, kusini-magharibi ya Ufaransa, kuna kasri la kale liitwalo Milandes, lililojengwa mwaka 1489. Josephine alilipanga kabla ya vita, na mwaka 1947 akalinunua. Mwaka huo huo akaolewa huko na kiongozi wa bendi, Jo Bouillon. Jambo alilofanya baada ya hapo lilinipendeza sana: aliwaita jamaa zake. Mwaka 1948 mama yake, yule mfua nguo wa St. Louis, alivuka bahari pamoja na dada yake Josephine aitwaye Margaret na mume wa Margaret, wakaja kukaa Milandes. Kwa hiyo watoto walipoanza kufika hawakukuta mwimbaji na watumishi tu. Walikuta bibi, walikuta mama mdogo, walikuta baba.

Mwaka 1954 Josephine alikwenda Japani kuimba. Huko, katika mji wa Oiso, alikuwapo rafiki yake, Miki Sawada, aliyekuwa amefungua nyumba ya kulelea watoto ambao baba zao walikuwa askari wa Kimarekani na mama zao Wajapani. Watoto hao walikataliwa pande zote mbili. Wajapani wengi hawakuwataka kwa sababu ya baba zao, na baba zao walikuwa wamekwisha kurudi kwao. Josephine alikuwa amekubaliana na mumewe kwamba ataleta mtoto mmoja. Akamchagua mmoja, kisha akamwona mwingine, akashindwa kumwacha. Bwana Bouillon aliyetazamia mtoto mmoja akapokea wawili. Hakugomba, bali aliwapa jina lake, na wote waliowafuata walilichukua pia.

Kisha wakafuata wengine: mmoja kutoka Finland, mmoja kutoka Kolombia, na wa Ufaransa yenyewe. Mwaka 1956, wakati wa vita vya Algeria, alirudi na watoto wachanga wawili wa huko, wa kiume na wa kike. Akaja mmoja kutoka Kodivaa, na mmoja kutoka Venezuela. Wa mwisho, msichana mwenye asili ya Moroko, aliingia mwaka 1964. Jumla walikuwa kumi na wawili, wavulana kumi na wasichana wawili. Yeye aliwaita Kabila la Upinde wa Mvua. Alitaka kuuonyesha ulimwengu ya kuwa watoto wa mataifa yanayopigana waweza kuoga katika beseni moja na kugombana juu ya mpira mmoja kama ndugu wote wagombanavyo.

Nia hiyo ilikuwa njema, wala simcheki. Walakini ni lazima niseme na upande wa pili. Josephine alipanga kila mtoto akue katika dini aliyomchagulia yeye, huyu Mwislamu, huyu Mkatoliki, huyu Mbuddha. Alitaka pia mtoto wa Kiyahudi kutoka Israeli. Wakuu wa huko wakakataa, wakisema nchi yao changa inawahitaji watoto wake. Basi akamchukua mtoto wa Ufaransa, akampa jina la Musa kwa Kifaransa, akamlea kama Myahudi. Nilipolisoma hilo nilicheka kidogo, kisha nikaacha kucheka. Mtoto si bendera ya kupandishwa mlingotini ili watu wajue taifa gani limefika.

Tena Milandes haikuwa nyumba tu. Josephine aliifanya mahali pa starehe penye hoteli, bwawa la kuogelea lenye umbo la herufi ya jina lake, na nyumba ya sanamu za nta zilizoonyesha maisha yake. Wageni walikuja kwa maelfu, wakalipa kiingilio, na miongoni mwa vitu walivyotaka kuviona ni watoto wenyewe, wakicheza. Hebu fikiri, ndugu msomaji: ile siku ya kwanza ya kupokewa, ya kushikwa kichwa na watu usiowajua, isiyokwisha! Mimi ilinichosha kwa siku moja.

Na huyo mama alikuwa wapi? Mara nyingi alikuwa safarini, akiimba, kwani matumizi ya kasri lile yalikuwa hayana mwisho na mapato hayakuyafikia. Watoto walibaki na walezi, na bibi, na mama mdogo Margaret, na baba. Bwana Bouillon ndiye aliyekuwa akihesabu fedha na kumwonya mkewe, naye hakusikia. Mwishowe waliachana, na Bouillon akaenda Argentina akafungua mkahawa mjini Buenos Aires. Bibi Carrie alifariki mwaka 1959. Nyumba iliyokuwa imejaa watu ikaanza kupungukiwa na watu wazima, huku madeni yakiongezeka.

Hapa panahitaji neno moja la kueleza. Siku hizi Josephine asingeweza kufanya alivyofanya. Mkataba wa The Hague wa mwaka 1993 unazitaka nchi zilizoukubali zimtafutie mtoto malezi katika nchi yake kwanza, na kuhakikisha ya kuwa wazazi wake hawakushawishiwa kwa fedha. Wakati wake sheria za namna hiyo zilikuwa chache. Baadhi ya watoto wake hawakuwa yatima. Walikuwa na mama walio hai, ila maskini au wenye kuonewa haya. Alipowachukua aliwaokoa katika shida, na wakati huo huo akawaondoa mahali ambapo pengine mtu angekuja siku moja kuwauliza. Mambo hayo mawili ni ya kweli yote mawili, nami sijui kuyapima katika mizani moja.

Mwaka 1963 alisimama Washington mbele ya umati mkubwa, siku ile ile aliyohutubia Martin Luther King, akiwa amevaa sare yake ya jeshi na nishani zake zote. Miaka mitano baadaye Milandes ikapigwa mnada kwa bei ndogo. Josephine akakataa kutoka. Mwezi wa Machi mwaka 1969 alijifungia jikoni, wakamtoa kwa nguvu, naye akaketi ngazini nje ya mlango katika baridi na mvua, amevaa vazi la kulalia na kofia ya kuogea. Picha yake ya siku hiyo ilienea duniani. Yule aliyevikwa manyoya na almasi sasa alikuwa kikongwe asiye na mlango.

Watu wengine husema huo ndio mwisho wa hadithi, kwamba mradi wake ulianguka. Mimi sikubali. Kasri lilianguka, lakini watoto hawakurudishwa walikotoka, wala hawakugawanywa kwa watu. Grace, mke wa mfalme wa Monaco, alimsaidia kupata nyumba huko Roquebrune, karibu na Monaco, nyumba ya kawaida isiyo na hoteli wala kiingilio, na familia ikahamia humo. Josephine akarudi jukwaani akiwa na umri ambao wengine hupumzika, akaimba ili watoto wale na kusoma.

Hapo ndipo nilipomkumbuka tena shangazi. Ile siku ya pili baada ya karamu alinikuta nimesimama mlangoni. Hakunipa maneno mengi. Alinipa ndoo, akaniambia niende kisimani na wenzangu, na niliporudi nikakuta kikombe changu kimewekwa pamoja na vya watoto wengine. Nadhani nyumba ya Roquebrune, kwa udogo wake, ilifanana na kwa shangazi kuliko Milandes.

Tarehe 8 Aprili, mwaka 1975, Josephine alifungua onyesho jipya mjini Paris kuadhimisha miaka hamsini tangu alipoanza kuimba huko. Ukumbi ulijaa, akashangiliwa sana. Siku mbili baadaye alikutwa kitandani amepoteza fahamu kwa kuvuja damu ubongoni, na tarehe 12 akafariki, akiwa na miaka sitini na minane. Jeshi la Ufaransa lilimpa heshima za kijeshi, akazikwa Monaco. Mwaka 2021, tarehe 30 Novemba, Ufaransa ilimwingiza katika Panthéon, jengo la mashujaa wake, naye ni mwanamke mweusi wa kwanza kupewa heshima hiyo. Mwili wake haukuondolewa Monaco. Jeneza lililoingizwa lilitiwa udongo wa mahali alipoishi: St. Louis, Paris, Milandes na Monaco. Watoto wake kadhaa, ambao sasa ni wazee, walikuwapo.

Lakini mwaka 1975 baadhi yao walikuwa bado wadogo, na mama ameondoka. Safari hii hapakuwa na kasri la kuwapokea, wala wapiga picha, wala wageni wa kulipa kiingilio. Bwana Bouillon, aliyekuwa mbali nao miaka mingi, aliwapokea kwake Buenos Aires.