Joseph Thomson na Majina ya Bonde la Ufa

Nyanda za juu za Mau, ambako Olenguruone ipo, hazikuonekana wazi katika ramani za Ulaya kabla ya miaka ya 1880. Utupu huo ulikuwa wa karatasi tu, kwani Waogiek na Wamaasai walikuwa na jina la kila mto na kilima. Miongoni mwa walioanza kuijaza karatasi hiyo ni Joseph Thomson.

Thomson alizaliwa Penpont, Uskoti, mwaka 1858, akasomea Chuo Kikuu cha Edinburgh. Mwaka 1879 kiongozi wa msafara wake, mchoraji ramani Keith Johnston, alifariki Behobeho, katika Tanzania ya leo. Thomson, akiwa na umri wa miaka 21, alishika uongozi na kuzifikia Nyasa na Tanganyika, akitegemea uzoefu wa Chuma, aliyewahi kumtumikia Livingstone.

Machi 1883 aliondoka Mombasa akitumwa na Shirika la Kifalme la Jiografia. Aliporudishwa nyuma na hatari za Umaasaini, aliungana na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyeijua njia. Alipita Naivasha, akavuka Laikipia, akauona Mlima Kenya, akafika Baringo na hatimaye Ziwa Viktoria. Alijeruhiwa vibaya na nyati, akarejea pwani mwaka 1884 akiwa mgonjwa. Alifariki London mwaka 1895, akiwa na miaka 37.

Ushujaa wake haukanushiki. Hata hivyo, safu ya Nyandarua aliiita Aberdare, jina la rais wa Shirika lililomtuma, na maporomoko ya Nyahururu yakaja kuitwa kwa jina lake mwenyewe. Kimameta hakupewa hata kilima. Aidha, mwaka 1870 jarida la Shirika hilo lilikuwa limekwisha kuchapisha njia za misafara ya bara zilizosimuliwa na Sadi bin Ahedi, mwenyeji wa pwani, kwa mmisionari Thomas Wakefield. Masimulizi yalitangulia ramani.

Thomson hakupitia Olenguruone. Lakini baada ya ramani ilikuja mipaka: mwaka 1941 serikali ya kikoloni iliwapa Wakikuyu makazi hapo kwa masharti, na kufikia 1950 ilikuwa imewafukuza. Hivyo basi, mwanafunzi wa fasihi simulizi anapokusanya majina ya mahali na visa vyake kutoka kwa wazee, anahifadhi ushahidi ambao karatasi ya mpimaji haikuuandika.