Seneca, Mwalimu wa Nero

Wakatekumeni wapenzi, jina la Nero mmekwisha kulisikia katika mafundisho. Ndiye Kaisari wa Roma aliyewatesa Wakristu wa kwanza, na katika siku zake, kama Kanisa lilivyopokea tangu zamani, Mitume Petro na Paulo walikufa mashahidi. Lakini Nero hakuzaliwa na upanga mkononi. Alikuwa mtoto kama watoto wengine, naye alikuwa na mwalimu. Mwalimu huyo hakuwa mjinga wala mlevi, bali mtu aliyesifiwa mji mzima kwa hekima yake. Jina lake Seneca. Yafaa tuyajue maisha yake, kwani yana onyo kubwa kwa kila mtu anayekabidhiwa watoto wa watu.

Seneca alizaliwa mjini Corduba, katika nchi ya Hispania, karibu na wakati ule Bwana wetu alipozaliwa Betlehemu. Angali mtoto mdogo, mama yake mdogo alimchukua akampeleka Roma. Alikuwa dhaifu wa kifua, akivuta pumzi kwa shida, lakini akili yake ilikuwa kali. Akajifunza hekima ya Wayunani, akawa msemaji hodari katika baraza kuu la Roma. Kaka yake ndiye yule Galio tunayemsoma katika Matendo ya Mitume, liwali wa Akaya, aliyekataa kusikiliza mashtaka juu ya Paulo mjini Korinto. Na watu walipompiga Sostene mbele ya kiti chake cha hukumu, Galio hakujali.

Mwaka 41 Kaisari Claudius alimfukuza Seneca katika mji, akamhamishia kisiwa cha Corsica. Akakaa huko miaka minane. Mwaka 49 Agrippina, mke mpya wa Kaisari, alimwombea ruhusa ya kurudi. Mwanamke huyo alikuwa na mtoto wa kiume aliyezaa na mume wa kwanza, naye alitaka sana mtoto huyo atawale siku moja. Kwa hiyo alimtafutia mwalimu mwenye sifa. Mtoto huyo ndiye Nero, na umri wake ulikuwa miaka 11.

Claudius alikufa mwaka 54, naye Nero akawa Kaisari, hali hajatimiza miaka 17. Seneca alimtungia hotuba yake ya kwanza mbele ya baraza, ahadi ya kutawala kwa haki. Kisha, pamoja na Burrus, mkuu wa askari walinzi, alimwongoza kijana yule katika mashauri ya nchi. Miaka ya kwanza ilikuwa mizuri, na watu wakamshukuru mwalimu.

Lakini uovu ulianza mapema, nao ulianzia ndani ya nyumba. Mwaka 55 Britannicus, mwana wa Claudius, ambaye angeweza kudai kiti cha baba yake, alianguka mezani akafa. Waandishi wa kale wanasema kwamba Nero alimtilia sumu. Seneca alinyamaza. Muda mfupi baadaye alimwandikia mwanafunzi wake kitabu juu ya huruma ya mtawala. Kina mafundisho mazuri sana. Lakini ndani yake alimsifu Nero kuwa mikono yake haina damu.

Tena Nero alimpa mwalimu wake mashamba, bustani na fedha. Mwaka 58 mshitaki mmoja alimlaumu Seneca hadharani kwamba katika miaka minne ya urafiki na Kaisari amejikusanyia sesterti 300,000,000. Askari wa Roma alipata sesterti 900 tu kwa mwaka mzima. Naye Seneca alikuwa akiandika kwamba mtu mwenye hekima hatawaliwi na mali! Je, mwalimu aliyepokea zawadi za namna hiyo, atamkemea nani?

Mwaka 59 Nero aliazimia kumwua mama yake mwenyewe. Aliagiza merikebu iliyoundwa kwa hila ili ivunjike baharini. Agrippina aliogelea akafika nchi kavu. Usiku ule ule Nero, mwenye hofu nyingi, akawaita Seneca na Burrus. Hawakumzuia. Askari wa majini wakatumwa, wakamwua mama yule nyumbani mwake.

Ndipo lilipofuata jambo baya kuliko yote katika maisha ya Seneca. Ilipasa barua iandikwe kwa baraza kuu, kueleza kifo kile. Seneca ndiye aliyeitunga. Humo alimshtaki marehemu kwamba alitaka kumwua mwanawe, akaonyesha kana kwamba kufa kwake ni heri kwa nchi. Wazee wa baraza walishangilia kwa woga. Mmoja tu, jina lake Thrasea Paetus, aliinuka akatoka nje bila kusema neno. Baadaye alihukumiwa kufa. Na watu wa Roma walimlaumu Seneca kuliko Nero, kwa sababu mwalimu ndiye aliyeuvika uovu vazi la maneno mazuri.

Mwaka 62 Burrus alikufa. Seneca, sasa mzee, aliomba kuondoka na kurudisha mali yote. Nero alimkumbatia na kumbusu, akakataa. Tangu hapo Seneca alijitenga, akajisingizia ugonjwa. Katika miaka hiyo alimwandikia rafiki yake barua, zimebaki 124. Humo alifundisha kwamba mtumwa ni mtu kama bwana wake, akachukia michezo ya kuua watu mbele ya makutano. Maneno hayo ni ya kweli. Lakini yule aliyepaswa kuyasikia alikuwa amekwisha kujifunza somo lingine kwa mwalimu yuleyule: kwamba mwenye nguvu akitenda uovu, hakosi mwenye elimu wa kumtetea.

Mwaka 64 moto uliteketeza sehemu kubwa ya Roma. Nero akawasingizia Wakristu. Wengine walivikwa ngozi za wanyama wakaraushwa na mbwa, wengine walisulibiwa, wengine walichomwa usiku kama taa katika bustani za Kaisari. Mwaka uliofuata Nero alimdhania Seneca kuwa mmoja wa waliofanya shauri la kumwua, akampelekea amri ya kujiua mwenyewe. Askari walimkatalia ruhusa ya kuandika wosia. Basi aliwaambia rafiki zake kwamba anawaachia mfano wa maisha yake. Akafa hivyo, kwa amri ya mtoto aliyemfundisha.

Wapenzi, tusimhukumu kwa haraka. Mwalimu mwema aweza kupata mwanafunzi mbaya: Yuda alifundishwa na Bwana mwenyewe. Kosa la Seneca si kwamba Nero aliharibika. Kosa lake ni kwamba Nero alipotenda dhambi, mwalimu alinyamaza. Kisha akapokea zawadi. Mwishowe akamwandikia maneno ya kuifunika.

Wahenga wanasema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Lakini malezi hayaishi siku mtoto anapotoka shuleni. Mwanafunzi akiwa chifu, karani, askari au mkubwa wa nchi, bado anamtazama mwalimu wake, aone kama yale aliyofundishwa yalikuwa kweli au yalikuwa maneno tu. Na ninyi mtakaobatizwa, kesho mtakuwa baba na mama, wengine walimu. Siku mtoto wenu atakapowaletea zawadi iliyotoka katika uovu, au kuomba mmsaidie kuuficha, mkumbukeni mzee yule wa Roma, mwenye hekima nyingi, ameketi usiku mbele ya taa, akitunga barua ambayo asingepaswa kuiandika.