Msiri wa Bunkeya: mfalme aliyepakia magobore shaba ya Katanga

Mfalme Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 karibu na Bunkeya, mji ambao leo uko katika eneo la Lubudi, jimbo la Lualaba. Alikuwa amejenga ufalme wake kwa bunduki kuukuu zilizotoka ng'ambo. Shaba ya risasi alikuwa nayo, ila baruti ilimbidi kuinunua kwa wengine.

Jina lake la kwanza lilikuwa Ngelengwa. Alizaliwa mnamo 1830 huko Usumbwa, upande wa Tabora, katika Tanzania ya leo. Baba yake, Kalasa, alikuwa mfanyabiashara aliyefuata shaba hadi Katanga. Mwana alishika njia ileile, na mnamo 1856 akafika akiwa na wafuasi wachache na bunduki chache. Machifu wenyeji walimpokea vizuri kwa sababu bunduki hizo ziliwasaidia kuwafukuza wavamizi wa Kiluba. Baadaye mgeni huyo akawatawala wenyeji wake, na akakata njia ya kodi iliyokuwa ikienda kwa Mwata Kazembe, mtawala wa Kilunda wa mashariki.

Enzi hiyo bunduki ilikuwa inapindua tawala kubwa katika eneo lote. Huko Musumba, makao ya Mwant Yav, Wachokwe wenye bunduki waliingia kwa nguvu katika miaka ya 1880 na kupora mji. Wahunzi wao walijulikana kwa ufundi wa kutengeneza bunduki zilizoharibika.

Bunduki za Msiri nyingi zilikuwa magobore. Mtutu wake ulikuwa laini kwa ndani, bila mifereji. Baruti na risasi viliingizwa kwa mdomo wa mtutu, kisha vikashindiliwa kwa ufito. Risasi ikiwa ndogo kupita kiasi, moshi wa baruti hupenya pembeni na nguvu hupotea. Ikiwa kubwa, haiingii. Kwa hiyo mhunzi alitakiwa kuipima risasi kwa mtutu wake.

Risasi za kawaida zilikuwa za timazi, madini laini yaliyotoka mbali. Huko Katanga wahunzi walitumia kile walichokuwa nacho. Shaba waliyoyeyusha kutoka kwenye mawe ya kijani, ambayo ndiyo iliyotengenezwa misalaba ya biashara na nyaya za bangili, ikawa pia risasi. Ilikuwa na kasoro zake: shaba ni nyepesi kuliko timazi, kwa hiyo hupoteza nguvu mapema angani, tena ni ngumu na hukwaruza mtutu. Lakini haikuhitaji msafara wa miezi mingi.

Baruti ndiyo iliyohitaji msafara. Ilitoka pwani ya mashariki, na zaidi upande wa Benguela, Angola. Msiri aliimarisha njia hiyo kwa kumwoa Maria de Fonseca, aliyetoka katika familia ya wafanyabiashara wa Angola. Malipo yalikuwa shaba, pembe za ndovu na watumwa. Watu waliokamatwa vijijini waligeuzwa bei ya baruti, na baruti hiyo ikatumika kukamata wengine.

Mwaka 1891 Wasanga waliasi. Vita vikala akiba ya baruti, na njia za misafara zikawa za hatari. Hapo ndipo wageni wa Ulaya walipozidi kubisha hodi. Mnamo Novemba 1890 Msiri alikuwa amemkatalia Mwingereza Alfred Sharpe mkataba. Desemba 1891 akafika Kapteni William Stairs, aliyetumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji.

Enzi hiyo kulikuwa pia na bunduki ya Snider. Bunduki hiyo ilianza kama marekebisho ya silaha ya zamani: mwaka 1866 Uingereza ilianza kukata sehemu ya nyuma ya mitutu ya bunduki zake za Enfield na kufunga kifuniko kilichobuniwa na Mmarekani Jacob Snider. Tangu hapo risasi ilipakiwa kwa nyuma ikiwa imeunganishwa na baruti yake. Askari aliweza kufyatua kama mara kumi kwa dakika, wakati mwenye gobore alifikia mara mbili au tatu.

Msiri alikataa kukubali bendera ya Leopold, akaondoka kwenda kijiji cha Munema. Stairs akamtuma Kapteni Omer Bodson kumfuata. Katika mabishano Bodson alimpiga Msiri risasi, naye akapigwa na watu wa mfalme na kufa. Mwana wa Msiri, Mukanda-Bantu, alikubali kutawala chini ya Leopold, na shaba ya Katanga ikaingia mikononi mwa wageni.

Kila tarehe 20 Desemba, Wayeke hukusanyika Bunkeya kumkumbuka.