D. O. Misiani: Fumbo Ndani ya Dansi

Daniel Owino Misiani alizaliwa mwaka wa 1940 huko Shirati, Tanzania, karibu na mpaka unaoitenga na Migori. Wazazi wake walikuwa wacha Mungu, na gitaa kwao lilikuwa chombo cha anasa. Katika miaka ya 1960 alihamia Kenya, akaunda bendi iliyobadilisha majina hadi ikavuma kwa jina la Shirati Jazz.

Bendi hiyo ilipiga benga, muziki wa dansi ambao gitaa lake huiga nyatiti, ala ya nyuzi nane ya Waluo. Katika kumbi za Migori na Homa Bay, nyimbo zake ziliwainua watu vitini. Hata hivyo, Misiani hakuridhika na kuichezesha miguu tu. Aliimba hasa kwa Dholuo, akitumia visa vya Biblia, wanyama na mambo ya kale kuwasuta watawala bila kuwataja. Ndipo akaitwa Mfalme wa Historia.

Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Serikali nayo iling'amua: msanii huyu alitiwa mbaroni zaidi ya mara moja, lakini hakunyamaza.

Mwaka wa 1987 Shirati Jazz ilitumbuiza Uingereza, mbele ya hadhira isiyoijua lugha yake. Walicheza, ila fumbo liliwapita. Misiani alifariki katika ajali ya barabarani Kisumu mnamo Mei 2006. Mhakiki wa fasihi simulizi akiishia kwenye mdundo, atakuwa amesikia nusu tu ya kazi yake.