Rembrandt, Mchoraji wa Nyuso za Wazee

Katika mji wa Leiden, nchi ya Uholanzi, alizaliwa mwaka 1606 mtoto aitwaye Rembrandt van Rijn. Baba yake alikuwa na kinu cha kusagia kimea, na mama yake alikuwa binti wa mwoka mikate. Wazazi wake walimpeleka shule ya Kilatini, lakini moyo wake ulipenda kuchora, wakamtia kwa mafundi.

Leo twataka kumkumbuka kwa picha zake za shaba, maana ndani yake wazee wamepewa heshima. Kazi hiyo hufanywa hivi: fundi hupaka nta juu ya bamba la shaba, akachora juu yake kwa sindano. Kisha hulitia katika tindikali, nayo hula shaba pale tu nta ilipokwaruzwa. Mistari hiyo hujazwa wino, na karatasi yenye unyevu hugandamizwa juu yake. Rembrandt alifanya picha kama 300 za namna hiyo.

Mwaka 1628, alipokuwa kijana bado, alichora uso wa mwanamke mzee, ambaye tangu zamani husemwa kuwa ni mama yake mzazi. Picha ni ndogo, haipiti kiganja cha mkono. Makunyanzi yote yamo. Hakuyaficha wala hakuyafanyia mzaha. Kijana huyu aliona mapema ya kuwa uzee si upungufu wa mtu.

Mwaka 1651 alichora mzee Tobiti, yule kipofu, asikiapo ya kuwa mwanawe amerudi safarini. Mzee ameinuka kwa haraka, mbwa yu miguuni pake, na mkono wake umenyoshwa kuutafuta mlango. Kumbe ameukosa, aelekea ukutani. Aitazamaye picha hiyo hacheki, bali hutamani kumshika mkono.

Wakati huo Rembrandt alikuwa akikaa Amsterdam, na taabu zilikuwa zimekwisha kumfikia. Mkewe Saskia alikufa mwaka 1642. Mwaka 1656 alishindwa kulipa madeni yake, na baadaye nyumba na vitu vyake vikauzwa. Lakini mwaka uo huo alimchora Jan Lutma, mfua fedha, mzee wa miaka kama 70. Ameketi kitini, sahani ya fedha na nyundo zi karibu naye, uso wake umetulia kama wa mtu aliyeitenda kazi yake vema. Rembrandt aliyepotewa na mali hakukosa macho ya kuona utajiri wa mwenziwe.

Mwaka 1663 akafa Hendrickje, aliyekaa naye baada ya Saskia, na mwaka 1668 akafa Titus mwanawe. Hata katika mwaka wake wa mwisho alijichora mwenyewe kwa rangi, mashavu yamelegea na nywele zina mvi, asijifanye kijana. Tarehe 4 Oktoba 1669 akafariki, akazikwa katika kanisa la Westerkerk, katika kaburi lisilo na jina lake.

Basi, ndugu msomaji, aliyemtazama mama yake kwa heshima alipokuwa kijana hakuogopa kujitazama alipozeeka. Nasi tusimpite mzee aketiye barazani kana kwamba hapana mtu. Tuketi naye kidogo, tumtazame usoni.